Sharti la Kasha Tupu

Jumatano, 1 Aprili

Kuta zinatoka jasho. Si mvua, ni hewa tu ya Guangzhou mwezi huu. Maji yanatambaa juu ya vigae vya korido, nguo nilizoanika Jumapili bado mbichi, na daftari hili, ambalo nimelinunua leo mchana, tayari kurasa zake zimelegea kama kitambaa. Nimelinunua kwa sababu nimegundua kwamba tangu Ijumaa sijatamka neno hata moja la Kiswahili. Nilijaribu bafuni. Nikajisalimia mwenyewe, "Muzdalifa, habari za kazi?" Nikaona haya, nikanyamaza.

Basi nitaandika. Habari za kazi ni hizi. Ofisi yetu iko Pazhou, ghorofa ya kumi na moja, nyuma ya kumbi za maonyesho. Tunatengeneza programu zinazokaa ndani ya swichi, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta za jengo zima. Kila swichi ina maelezo yake, yameandikwa kwa lugha iitwayo Yang: ina milango mingapi, kila mlango unaweza kupangwa vipi, na masharti gani lazima yatimie kabla mpangilio mpya haujakubaliwa. Mimi naandika kile kipande kinachopima masharti. Fundi akibadilisha kitu, kipande changu kinachukua sharti moja moja na kuuliza: kweli, au si kweli? Moja tu likiwa si kweli, mpangilio wote unakataliwa.

Nilimwambia mama kwamba mimi ni kama bawabu. Akasema, "Miaka sita ya kusoma China, ukawe bawabu?"

Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Nikipita, kampuni inaniombea kibali kipya. Nisipopita, nina siku thelathini za kufunga mizigo.

Ijumaa, 3 Aprili

Weiting amerudisha kazi yangu.

Kuang Weiting anakaa mkabala na mimi. Ni mkaguzi. Mstari wangu hauingii kwenye bidhaa mpaka yeye aukubali. Miezi mitano tunatazamana juu ya skrini, na hajapata kuniuliza kama nimekula, swali ambalo hapa hata mfagiaji huwauliza watu asiowajua. Leo ameniandikia sentensi mbili: "Sharti husomwa kutoka pale lilipoandikwa. Wewe umelisoma kutoka mlangoni."

Ni kweli. Sharti likisema "jirani yangu awe amewashwa", lazima kwanza ujue anayesema ni nani, ndipo umjue jirani yake. Mimi nilianza kuhesabu kutoka mwanzo kabisa wa maelezo, pale pa kuingilia, nikampata jirani mwingine. Ni kosa la mwanafunzi. Lakini angeweza kunyoosha shingo akaniambia.

Jumatatu, 6 Aprili

Sikukuu ya kuzuru makaburi. Ofisi imefungwa. Nimelala mpaka adhuhuri.

Jumatano, 8 Aprili

Amerudisha.

Alhamisi, 9 Aprili

Amerudisha tena. Safari hii ni kwa sababu nilipima masharti kila fundi anapogusa kitu, badala ya kusubiri amalize mabadiliko yote kwanza. "Mtu anayehamisha meza," ameandika, "hulazimika kuziba njia kwa muda." Nadhani ulikuwa mzaha. Uso wake haukuonyesha.

Jumapili, 19 Aprili

Leo nimesema Kiswahili mpaka koo likauma. Bimkubwa amefika, yule jirani yetu wa zamani wa nyumbani, mtaa wa Mlandege, anayekuja kila masika kununua magauni ya watoto. Nimemkuta Guangyuan Xilu, katika lile jengo kubwa la nguo, amesimama katikati ya wapagazi na marobota yao kama vile jengo ni lake.

"Mwanangu, umekonda," akasema. "Hebu mwambie huyu laoban kwamba rangi hii nilimkataza mwaka jana, na mwaka huu namkataza tena."

Nikamwambia laoban, mwenye duka. Laoban akacheka, akasema yeye na mama huyu wanajuana miaka kumi na mbili, hawahitaji mkalimani. Na kweli, dakika tano baadaye walikuwa wakibishana kwa vidole na kikokotoo, bila mimi. Nikakaa juu ya robota nikishika mkoba wake. Mchana tulikula wali karibu na mtaa wa Zhanxi. Akanipa habari za mtaa: nani kaolewa, nani kajenga, nani kahamia Bara. Kila jina nililijua, na kila habari ilikuwa imeshapita bila mimi.

Wakati wa kuagana alinishika kidevu. "Wewe uko kazi ya ofisini, huteseki kama sisi," akasema. Nikasema alhamdulillahi.

Jumanne, 28 Aprili

Imepita.

Kilichobaki kilikuwa kipande cha makasha. Katika Yang kuna vitu vinavyoitwa makasha, vya kubebea vitu vingine. Kuna kasha ambalo kuwepo kwake tu kuna maana, na kuna kasha ambalo halina maana yake lenyewe, kazi yake ni kushika vilivyomo tu; hilo ndilo la kawaida. Masharti yanaweza kubandikwa juu ya lolote kati ya hayo.

Saa kumi jioni Weiting aliinuka, akazunguka meza, akasimama pembeni yangu. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Kasha la kawaida likiwa tupu?" akauliza.

"Likiwa tupu hakuna cha kupima. Tunalipita."

"Una hakika?"

"Nina hakika." Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeisoma sura ya makasha katika kitabu cha kanuni za Yang mwezi wa pili, haraka.

"Soma tena sura ya saba."

"Weiting, leo ndiyo siku ya mwisho. Kesho mkuu wetu, Bwana Hou, anatia saini karatasi zangu. Nakuomba."

Alitazama skrini yangu kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi. Nikaona ana mvi mbili juu ya sikio, na hazidi miaka thelathini na tano. Akarudi kwenye kiti chake. Baada ya dakika moja alama ya kijani ikatokea: imekubaliwa, na jina lake chini.

Nimempigia mama. Nimemwambia kibali kimepatikana.

Jumatano, 6 Mei

Maonyesho ya biashara yamekwisha. Treni ya chini ya ardhi imerudi kuwa na viti. Bimkubwa aliondoka jana. Nilipata ujumbe wake akiwa tayari uwanja wa ndege.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua.

Jumapili, 10 Mei

Mvua. Nimepika pilau, nimeila siku nzima.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Nilisali, nikasalimiana na watu ambao sitawaona mpaka Idi ijayo, na saa tano nilikuwa kazini. Nyumbani wamenitumia picha ya sinia, na nyuma ya sinia miguu ya watu wote ninaowapenda.

Mezani kwangu nilikuta mfuko wa matunda ya lichi, yametoka kuchumwa, pamoja na majani yake. Nikadhani mtu amekosea meza, nikaupeleka jikoni kwa watu wote. Niliporudi Weiting alinitazama, akafungua mdomo, kisha akarudi kwenye skrini. Ndipo nilipoelewa kwamba ilikuwa zawadi yake ya Idi. Nilikwenda kuutafuta ule mfuko. Yalibaki maganda tu.

Jumatatu, 8 Juni

Kuna jambo kubwa. Sijui lote. Bwana Hou amejifungia na simu tangu asubuhi. Nimesikia neno "hospitali".

Jumanne, 9 Juni

Nitaandika kwa utaratibu, maana kichwani hakuna utaratibu.

Katika mkoa wa jirani kuna hospitali ndogo ya wilaya inayotumia swichi zetu. Ndani ya mpangilio wao kuna kasha la njia za akiba, kebo za kupitisha mtandao ile kuu ikikatika. Juu ya kasha hilo kuna sharti: lazima iwemo walau njia moja. Wiki iliyopita fundi wa hospitali alikuwa akisafisha mpangilio wa zamani, akafuta njia ya akiba ya mwisho bila kujua kwamba ni ya mwisho. Kasha likabaki tupu. Hapo ndipo swichi ilipotakiwa kumkatalia. Ikamkubalia.

Jumamosi mvua ilibomoa ukingo wa mfereji nje ya hospitali, na kebo kuu ikakatika. Jengo la maabara likakaa bila mtandao kwa muda wa saa tisa. Mchana huohuo friji ya damu ikaharibika. Kengele yake hupita mtandaoni. Haikumfikia mtu. Mifuko ishirini na sita ya damu imetupwa. Kulikuwa na mama aliyejifungua na damu haikukatika. Ilibidi apakiwe kwenye gari la wagonjwa, saa mbili za barabara yenye maji, mpaka mji mwingine wenye damu.

Yuko hai. Bwana Hou alilisema hilo kwanza, kabla ya jambo lolote, na ninamshukuru.

Kisha akaionyesha mistari yangu kwenye skrini ya ukutani. Watu tisa tulikuwa mezani. Akasoma kwa sauti ile sehemu ya sura ya saba: kasha la kawaida likiwa tupu, masharti yake hupimwa kana kwamba lipo. Ni sentensi moja. Mtoto angeielewa.

"Nani alikagua?" akauliza Bwana Hou.

"Mimi," akasema Weiting.

"Kasha tupu hukuliona?"

"Sikuliona."

Nilimtazama. Alikuwa ameweka viganja viwili juu ya meza, wazi, kama mtu anayesubiri kupekuliwa. Nilijua aliliona. Alisimama pembeni yangu akaliuliza kwa mdomo wake. Hakuandika, kwa sababu siku ile alikuja kusema nami kama mtu. Kwa hiyo hakuna rekodi, na tunaojua ni wawili.

"Xiao Mu," Bwana Hou akanigeukia kwa jina langu la ofisini, "wewe ni mgeni kwenye lugha hii, na ulikuwa kwenye majaribio. Ndiyo maana tunaweka mkaguzi mwenye uzoefu. Una la kuongeza?"

Nilisikia mvua kwenye kiyoyozi. Nikafikiria kibali, nikamfikiria mama akiwaambia watu wa Mlandege. Nikasema, "Hapana."

Jumatano, 10 Juni

Weiting ameondolewa kwenye ukaguzi. Kiti cha mbele yangu hakina mtu, wala kikombe, wala lile koti lake la kijivu. Wamempeleka ghorofa ya tatu, kwa wanaofunga vifaa.

Nimempigia Bimkubwa. Nilitaka mtu mzima wa kwetu anisikilize. Alikuwa bandarini anahangaikia kontena lake, akasema atanipigia. Akanipigia jioni. Nikamweleza yote, bila kujipendelea.

"Mwenyewe kasema ni yeye?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi wewe unaingia wapi? Nyamaza, mwanangu. Yeye yuko kwao. Wewe ukiguswa kidogo tu, wanakupandisha ndege. Mwenyezi Mungu amekusitiri."

"Lakini aliniuliza, Bimkubwa. Aliniuliza, nikamjibu uongo."

"Ulimjibu ulichokijua." Nikasikia mtu akimwita, na mlango wa chuma ukifungwa. "Tutazungumza," akasema. "Kula, sawa?"

Nampenda Bimkubwa. Lakini leo nimeona kwamba ananitakia nibaki hapa salama kama mzigo uliofungwa vizuri, na hajui kabisa ninavyoishi. Si kosa lake. Sijapata kumwambia.

Alhamisi, 11 Juni

Mvua tangu alfajiri, ile wanayoiita maji ya mashua za joka, kwa kuwa huja na sikukuu ya mashindano ya mashua. Sikufanya kazi. Nimesoma sura ya saba yote, polepole, neno kwa neno, kama nilivyotakiwa mwezi wa pili. Kisha nikamfikiria yule mama ndani ya gari la wagonjwa. Sijui jina lake. Ningekuwa na jina lake pengine ingekuwa nafuu, au pengine ingekuwa mbaya zaidi.

Ijumaa, 12 Juni

Nimesema.

Niliingia kwa Bwana Hou saa tatu asubuhi na kubaki nimesimama. Nikasema, "Kuang Weiting aliliona kasha tupu. Aliniuliza. Nilimwambia nina hakika, na sikuwa na hakika. Alinitaka nisome tena, nikamwomba anipitishie kwa ajili ya karatasi zangu."

Bwana Hou alivua miwani. "Mbona Jumanne hukusema?"

"Niliogopa."

"Kwa hiyo mmoja amesema uongo na mwingine amenyamaza."

"Ndiyo."

"Na yeye alikosea vilevile. Aliona, akapitisha." Akavaa miwani tena. Alionekana amechoka zaidi ya kukasirika. "Siwezi kumrudisha kwenye ukaguzi. Na mkataba wako utaishia Desemba, si mwaka kesho. Baada ya hapo tutaona. Sasa nenda ukarekebishe. Ukimaliza, mtakwenda hospitalini wawili, mtaweka toleo jipya kwa mikono yenu, na mtaomba radhi. Mtasema nao ana kwa ana."

Nilimkuta Weiting ghorofa ya tatu, anakunja kebo. Alikuwa ameshapigiwa simu.

"Nani alikutuma?" akasema.

"Hakuna."

"Mimi nina mama Foshan, mji wa jirani, nina nyumba, nimezaliwa hapa. Ningepata kazi nyingine kwa wiki mbili. Wewe ungepewa siku thelathini. Nilipiga hesabu." Sauti yake ilipanda, wenzake wakageuka. "Nimedanganya mbele ya watu tisa, na sasa ni bure."

"Sikukuomba udanganye."

"Hukuniomba. Uliniomba nipitishe."

Hilo lilinikata. Halafu nikasema jambo ambalo sikulipanga: "Miezi saba hujaniuliza hata kama nimekula. Ningejuaje kwamba unanijali?"

Akaacha kukunja. "Nilikuwa nasoma kazi yako kila siku," akasema. "Mistari yote. Wenzako nawasomea nusu." Akaitazama kebo mkononi. "Nilidhani hayo ni mazungumzo."

Nikachukua ncha nyingine ya kebo, tukaikunja pamoja mpaka ikaisha.

Jumatano, 17 Juni

Narekebisha. Sasa programu ikikuta kasha tupu haipiti. Inasimama, inalihesabu kuwa lipo, inauliza masharti yake yote. Kisha nikagundua kwamba ndani ya kasha tupu kunaweza kuwa na kasha jingine tupu, na hilo nalo lina masharti. Nikaanza upya. Nimeandika majaribio arobaini na moja. Mkaguzi mpya ni msichana anayeitwa Jiaxin. Amekubali kwa dakika nne. Nimemrudia nikamwomba asome tena.

Ijumaa, 19 Juni

Sikukuu ya mashua. Ngoma zinasikika kutoka mtoni. Sikwenda.

Jumatano, 24 Juni

Jana tulikwenda. Treni ilituchukua saa tatu, halafu basi dogo katikati ya mashamba ya miwa. Njiani Weiting aliniuliza kama nimekula. Aliuliza kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiatu. Nikasema bado. Akatoa mayai mawili ya kuchemsha, akaniapia kwamba hayakuguswa na nguruwe, jambo ambalo kwa yai halikuhitaji kiapo. Nikacheka. Yeye akacheka baadaye, alipoelewa.

Mtunza damu pale hospitalini ni muuguzi Qin, mwanamke wa miaka hamsini, mfupi, ana sauti nene. Alisimama nyuma yetu wakati tunaweka toleo jipya. Nilipomaliza nikafanya kile alichofanya fundi wao: nikafuta njia ya akiba ya mwisho. Skrini ikajaa maandishi mekundu.

"Hiyo nini?" akauliza Qin.

"Imekataa."

"Imekataa kabisa?"

"Kabisa. Haikubali mpaka nirudishe."

Alijaribu mwenyewe. Akabonyeza mara tatu, ikamkatalia mara tatu. Ndipo tukaomba radhi. Weiting aliinama, nami nikainama. Nikasema kosa ni langu, nikaeleza lilivyokuwa. Qin alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto ameitwa An," akasema. "Yeye na mama yake walirudi nyumbani Jumapili." Kisha akasema, "Katika mifuko ishirini na sita, sita ilikuwa ya kundi O. O ndiyo ngumu kupata."

Akarudi kazini. Nje ya lango kulikuwa na basi la kuchangia damu, limeegeshwa chini ya mvua. Tulilitazama wote wawili. Mimi ni O. Weiting akasema yeye huogopa sindano tangu utotoni. Halafu akatangulia kupanda.

Ndani, binti mwenye koti jeupe alichukua pasipoti yangu, akapiga simu mahali, akauliza kama mgeni anaruhusiwa, akaambiwa anaruhusiwa. Kisha fomu ya kompyuta ikakataa jina langu. Ni refu mno. Akalikata, ikakataa tena kwa sababu si la Kichina. Weiting, ambaye tayari alikuwa amelala kwenye kiti cha pili, mkono wazi na macho ameyafumba, akasema bila kuyafumbua kwamba aliyeandika fomu hiyo hakuwa na mkaguzi. Binti akatoa karatasi, akaniandika kwa kalamu.

"Ukizimia," akasema, "tumpigie nani?"

Nikamwambia aache wazi.

"Hapaachwi wazi."

Nikamtajia namba ya mama. Akasema lazima iwe ya ndani ya nchi, tarakimu kumi na moja. Nikafikiri. Nilipitia watu moyoni, mmoja mmoja: walimu wa chuo waliostaafu, wenzangu wa darasa waliorudi makwao, Bimkubwa ambaye laini yake ya hapa huizima akiondoka. Miaka sita na nusu. Kalamu ya binti ilikuwa imesimama juu ya karatasi, mimi nikiitazama, na mvua juu ya bati la basi ikizidi.

Kutoka kiti cha pili Weiting akaanza kutaja namba. Aliitaja polepole, tarakimu moja moja, macho bado ameyafumba, jasho likimtoka kwenye paji la uso kwa ajili ya ile sindano. Zilitimia kumi na moja.

"Ni nani wako?" binti akaniuliza.

"Mkaguzi wangu," nikasema.

Hakuelewa. Alimtazama Weiting, akanitazama mimi, akaandika: rafiki. Sikumsahihisha.